Chunjua la Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Machi

Mama Watoto ameondoka asubuhi. Binti yetu kajifungua mtoto wa kiume, na bibi wa mtoto hakuweza kukaa. Babu wa mtoto, yaani mimi, nimebaki na cherehani, vitambaa vya wateja na Mheshimiwa.

Mheshimiwa ni samaki. Rangi ya chungwa, tumbo mbele, kinywa kinafunguka na kufungika mchana kutwa na hakijawahi kutoa neno. Jina nililitoa mimi. Mapenzi ni ya mke wangu. Kamlea tangu yuko kama kifungo cha shati, mwaka ule binti alipoolewa na nyumba ikapoa.

Maagizo yake ya mlangoni: chakula kidogo asubuhi. Jumamosi nipunguze maji robo, niongeze yaliyolala ndooni usiku kucha, dawa ya bomba iishe. Likitokea lolote nimuulize Mpiga Picha wa mlango wa pili, maana ana matangi ya samaki studio kwake. Akasema ananiachia kitu kimoja tu, nisimwangushe. Nikamjibu kwani mimi mtoto?

Kumuuliza Mpiga Picha! Yule aliyerudisha suruali mbele ya wateja wangu, akidai mguu mmoja mrefu. Nilimwambia suruali iko sawa, akapime miguu. Tangu hapo salamu zetu ni za kukohoa.

Jioni nimeona kitu cheupe kwenye mkia wa Mheshimiwa. Kama punje ya wali. Labda ni punje ya wali.

Jumanne, 4 Machi

Si punje ya wali. Kimekua. Kina vinundu vinundu kama koliflawa.

Mke wangu kapiga simu. Kamuulizia Mheshimiwa kabla hajaniulizia mimi. Nikasema mzima kabisa, anakula kama bwana harusi. Kwa nini nilisema hivyo? Sijui. Hapana, najua. Ningesema kweli angenituma mlango wa pili.

Nikabuni mbinu: kumuuliza bila kumuuliza. Nimemkuta anafuta kioo cha studio. Nikamsalimia kwa meno yote. Nikamwambia nina binamu kaota kinyama mgongoni, kwa chini kidogo, je, ni hatari? Akasema binamu aende hospitali. Nikasema binamu hawezi kutoka, anashinda majini. Akaniangalia sana. Akauliza, binamu anakula lakini? Nikasema anakula vizuri, ila anatema mawe.

Nikaona mazungumzo yanaelekea kubaya. Nikaaga.

Alhamisi, 6 Machi

Duka la dawa. Dada wa kaunta kauliza umri wa mgonjwa. Nikasema miaka sita. Uzito je? Nikasema kama nusu mche wa sabuni. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza, kwa upole wa kutisha, mama yake mtoto yuko wapi. Nikasema kasafiri, na ni heri asijue. Akaanza kumtafuta mlinzi kwa macho. Imebidi nieleze yote mbele ya foleni nzima. Wamecheka mpaka mzee mmoja wa kifua kikavu akakohoa. Nimetoka na mafuta ya chunjua, ya watu wazima.

Mafuta hayashiki kwenye kitu kilicholowa. Hili lingepaswa kuandikwa kwenye kifuniko. Nilimtoa Mheshimiwa kwa upawa, nikamweka mezani, nikampaka. Kaniponyoka! Katua juu ya gauni la bi harusi wa Jumamosi, kafurukuta kuanzia kifuani hadi kiunoni. Nimemrudisha majini. Gauni lina alama ya samaki mzima, mkia na yote. Nitalishonea maua upande huo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata! Nikiwa mtoto, marehemu bibi alinitoa chunjua la kidole kwa kulifunga uzi. Likakosa damu, likakauka, likadondoka. Uzi! Na nani katika mtaa huu ana uzi kunishinda mimi?

Nimechagua wa hariri, mweupe, usimwaibishe. Nikavaa miwani ya kutungia sindano. Nikamlaza kwenye kitambaa chepesi kilicholoweshwa, nikalizungushia chunjua kitanzi, nikakaza, nikakata ncha. Fundo zuri kuliko yote niliyofunga mwaka huu. Nilisikitika hakukuwa na mtu wa kuliona.

Aliniangalia muda wote kwa jicho moja. Samaki hana kope, kwa hiyo si kwamba alikuwa na namna nyingine ya kuangalia. Lakini sikulipenda lile jicho.

Jioni anaogelea kiubavu. Nadhani anapumzika.

Jumamosi, 8 Machi

Chunjua limetoka. Nusu ya mkia imetoka nalo.

Nilipoona nilichanganyikiwa. Nikasema angalau nimtengenezee mahali pasafi. Nikamwaga maji yote, nikajaza ya bombani, baridi vilevile. Ya ndooni nilisahau kuyalaza, kwa sababu ya kuhangaika na fundo. Mheshimiwa kashuka chini kabisa, katulia juu ya mawe. Hafungui hata kinywa.

Bi harusi kachukua gauni. Kayapenda maua. Sikupata hata nafasi ya kufurahi.

Kisha simu. Mke wangu anarudi Jumatano. Akaniomba niisogeze simu kwenye kioo, azungumze kidogo na Mheshimiwa. Nikaweka spika, nikaisogeza. Akamsalimia. Akamwambia mjukuu analia usiku kucha na binti kachoka, na yeye mwenyewe mgongo unamuuma ila hasemi. Akamwambia anapakumbuka nyumbani, lakini anaogopa kidogo kurudi, maana nyumba kimya, na cherehani inaongea kuliko mwenye cherehani.

Nilikuwa nimeshika simu. Mkono ukaniuma, sikuubadilisha. Miaka yote hii nilidhani anamwambia mambo ya chakula.

Mheshimiwa hakusogea. Nikamwambia mke wangu kasogea, kasogea sana, katingisha mkia.

Jumapili, 9 Machi

Nimegonga mlango wa pili.

Mpiga Picha alitoka na kanga ya mkewe begani, mswaki mdomoni. Sikuwa nimemaliza sentensi, alishapita kuelekea kwangu. Hakucheka. Kaangalia tangi, kaingiza kidole kwenye maji, kafumba macho. Kaenda kwake, karudi na ndoo mbili za maji yaliyolala na chumvi kiganjani. Tukayabadilisha taratibu, kikombe kwa kikombe.

Baadaye ndipo akauliza kile kinyama kilikuwaje. Nikamweleza. Akasema samaki wake waliwahi kuota vinyama vilevile, zaidi ya mara moja. Hakina dawa na hakihitaji dawa. Maji yawe safi, samaki asisumbuliwe, kinaondoka chenyewe. Asisumbuliwe tu.

Akasema tangu habari za binamu alishajua. Alikuwa anangoja nimwambie waziwazi, aje. Na yeye, akasema, alikosea kungoja. Kumbe suruali nayo ilimkaa rohoni.

Mheshimiwa kafa kabla ya mchana. Aligeuka polepole, tumbo juu, kama mtu anayejigeuza kitandani. Nililia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nililia, na Mpiga Picha akajifanya anachunguza pampu ya hewa. Samaki wa watu. Alikuwa na kauvimbe kadogo na mwezi ujao angekuwa amekasahau. Mimi ndiye niliyekuwa ugonjwa.

Mpiga Picha kaniambia mke wangu ni mtu mwelewa, nimwambie kweli akifika, tena nimwambie mimi, kwa mdomo wangu. Mficha uchi hazai. Nikamshukuru. Nikamwambia nitafanya hivyo hivyo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelifikiria shauri la Mpiga Picha. Ni rahisi kwake kusema, mke si wake.

Nimezunguka maduka yote ya samaki mjini nikiwa na picha ya Mheshimiwa na futi ya ushonaji. Muuzaji wa kwanza alinifukuza nilipotaka kupima kiuno. Wa mwisho alikuwa naye! Chungwa, tumbo mbele. Mkia umezidi kidogo, lakini mkia ni pindo tu, nani hupima pindo?

Jumatano, 12 Machi

Karudi. Kabla hajatua mkoba kaenda kwenye tangi. Kagonga kioo kwa ukucha kama kawaida yake. Mheshimiwa angepanda mbio. Huyu kajificha nyuma ya jiwe. Nikasema kanuna, si ulimwacha? Mke wangu kainama, kamtazama. Kasema kapungua. Nikasema ni kwa kukukumbuka.

Kaniangalia. Kisha katabasamu, kaniuliza kama nimekula. Imepita! Imepita kabisa!

Magharibi nilikuwa kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio, mlango wa katikati wazi nusu. Nikamsikia anaongea na tangi. Akamwambia pole, mgeni. Akasema anajua huyu siye Mheshimiwa, alijua tangu alipogonga kioo, na Mheshimiwa wake inabidi amlilie kimyakimya. Lakini asimwambie mzee, kahangaika sana maskini, macho yamemvimba. Siku akiwa tayari atasema mwenyewe. Yeye atangoja.

Akawa kama anangoja kweli, pale pale, upande wa pili wa mlango. Kati yetu hata hatua nne hazifiki. Mguu wangu ulishatoka kwenye kanyagio. Neno lilikuwa mdomoni.

Nikakanyaga cherehani kwa nguvu, asije akajua kwamba nimesikia.

Kosa ni ule mkia. Kesho nitatafuta anayefanana naye zaidi.