Malalamiko Kuhusu Wimbo Wetu wa Kung'olea Mawe Kutumika Wodini

Busisi,
Jumatatu, 9 Februari 2026.
Naingia wiki ya pili tangu nitoke wodini kwenu.

Kwa Sista Dorotea,
Kiongozi wa Wodi ya Watoto Njiti,
Mwanza.

Shikamoo Sista. Mimi ni Kashaija, baba wa Kokulinda, yule mtoto wa kitanda cha dirishani aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, mwenye ngumi isiyozidi tunda la kahawa. Kwetu ni Muleba, huku nimefuata kibarua cha kuvunja mawe. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo nikikosea heshima mahali, naomba ulaumu darasa la sita.

Nakuandikia kulalamika. Wodi yako imeharibu kazi yetu, na jiwe limekataa kutoka.

1. Mtoto wangu anadekezwa. Kila mnapotaka kumtoa damu kisiginoni, taa inapunguzwa, watu wananong'ona, anadondoshewa maji ya sukari ulimini, mnasubiri kidogo ayaonje, ndipo anachomwa. Mimi wiki iliyopita nilijipiga nyundo kwenye kidole gumba mchana kweupe. Hakuna aliyenipunguzia jua. Mwenzangu Shimba alicheka mpaka akakaa chini. Sukari niliiona jioni kwenye chai, tena nilijikorogea mwenyewe. Naomba kuelezwa, kwa maandishi, mtu akifika umri gani anaacha kuumia.

2. Nilivuliwa shati mbele ya watu. Mke wangu Celestina alikuwa ametoka kupasuliwa, hawezi kuketi, ukasema kifua cha mama kikishindwa cha baba kipo, mtoto alale ngozi kwa ngozi. Nikakueleza kifua changu kina vumbi la mawe la miaka mingi. Ukanionyesha bafu. Nikakueleza viganja vyangu vinakwaruza hata sufuria. Ukasema, "Baba Kokulinda, hatujakuomba umsugue. Mshike tu, utulie." Basi mkono mmoja kichwani pake, mwingine umemkunjia miguu, nikatulia kama nguzo. Nimebeba mizigo tangu ujana, hakuna ulionitoa jasho kama kile kifurushi.

3. Hili ndilo kubwa. Ulisema nimwimbie, eti sauti inayopita kifuani humtuliza. Mimi nyimbo za kubembeleza sizijui. Ninaoujua ni ule wa kung'olea jiwe. Mmoja anaita, "Lina kiburi!" Wote wanaitikia, "Tutaliona!" Na kwenye "tutaliona" ndipo mitaimbo yote inakandamizwa kwa pamoja. Nikauimba huohuo, polepole. Wewe mwenyewe, Sista, ukamchoma kwenye "tutaliona." Mtoto akakunja uso, akaukunjua, akalala. Haikupita wiki, akina mama wote wodini walikuwa wanaitikia, na yule daktari kijana alikuwa hatafuti mshipa wa mtoto yeyote mpaka kwanza aitiwe "Lina kiburi!" Hakuna aliyetuomba ruhusa. Wimbo huo ni wa kikosi cha Masele, nyapara wetu, naye aliuachiwa na baba yake.

4. Nimerudi kazini na wimbo umeharibika. Kila nikiita, inatoka sauti ile ya wodini, na wenzangu nao wanaitikia kwa kunong'ona bila kujijua. Jumamosi kikosi kizima tulishika mitaimbo kwenye jiwe moja. Tukaimba. Jiwe halikutikisika, ila mwenzetu Chenge alisinzia akiwa amesimama. Masele akatupa kofia yake chini: "Kashaija! Tunang'oa jiwe au tunalaza mtoto?" Sista, jiwe hilo limekaa hasa pale utakapopita msingi wa shule mpya. Lisipotoka, shule haitajengwa. Shule isipojengwa, watoto hawatasoma. Wasiposoma, wauguzi mtawatoa wapi? Na bila wauguzi, nani atawachoma watoto njiti wa kesho? Unaona mwenyewe mnatupeleka wapi.

5. Tabia inaenea. Jana Shimba aliingiwa na kibanzi cha jiwe mkononi. Zamani tungekichomoa huku tunamcheka. Safari hii Masele alimfunika macho kwa kofia, akamwekea sukari ulimini, akaamuru wote tunyamaze. Shimba ana ndevu, Sista.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wimbo urudishwe kwa wenyewe, ukiwa mkali kama mlivyoukuta. Na huyo mtoto achomwe kavukavu, bila sukari wala giza wala kukumbatiwa, aanze mapema kuizoea dunia tunayoishi sisi baba zake. Kama hayo hayawezekani, basi tuletewe muuguzi hapa kwenye mawe, aje na matone yake.

Barua hii anaileta Chenge, anayekuja huko Igoma kunolesha tindo zetu. Ukimwona anapiga miayo, ujue chanzo ni nini.

Nisalimie akina mama wote wa wodi, hasa yule mwenye mapacha anayeitikia kwa sauti nene. Nisalimie daktari. Nisalimie mlinzi wa getini aliyekuwa anapisha viatu vyangu vya matope huku anatazama pembeni. Celestina mwambie nakula vizuri.

Ni mimi, mwenye kinyongo lakini kwa adabu,
Kashaija, mvunja mawe.

N.B. Kabla sijaikunja barua, Celestina amenipigia. Anasema Ijumaa asubuhi Kokulinda atabadilishiwa sindano ya dripu, na kwamba tangu niondoke mnamwimbia kwa sauti nyembamba mno, anaitikia kwa kulia. Sista, lile ombi langu la pili usilisome. Asiguswe kavu hata kidogo. Sukari iwekwe, taa ipunguzwe, na huyo daktari asimguse mpaka nifike. Masele amenipa ruhusa kabla sijamaliza kuomba, amesema jiwe limekaa hapo tangu dunia iumbwe, wiki moja halitaona tofauti. Viganja nimeanza kuvipaka mafuta ya mgando, Shimba ananicheka tena kama zamani. Zamani ningesingizia kivuko kuchelewa, lakini sasa daraja la hapa Busisi lipo. Alhamisi jioni nitakuwa mlangoni kwako, nimeshaoga, shati nimelishika mkononi.