Vita vya Insha ya Birika na Ngazi

Sogeeni, enyi wenye masikio yasiyo na haraka! Acheni vyombo mezani, punguzeni redio, mwiteni na jirani anayejifanya hasikilizi ukutani. Kwa maana leo linasimuliwa tendo ambalo wanahistoria wamelipita kimya kwa sababu moja tu ya haki, nayo ni kwamba hawakuwapo. Nawe Chaki, mama wa vumbi, unayemkohoza msomi kabla hujamwelimisha, msaidie msimulizi, asije akaishiwa maneno makubwa kabla kisa hakijaishiwa mambo madogo.

Alikuwapo Fundi Viatu, Simba wa Soli, Mtoboa Ngozi Asiyetetemeka, aliyestaafu uwanja wa gundi na misumari, akaazimia kuiteka uzeeni elimu iliyomponyoka ujanani. Kila jioni aliingia darasa la watu wazima katika shule ya msingi, tai shingoni, kalamu zimesimama mfukoni mwa shati kama mikuki, ingawa iliyokuwa na wino ni moja. Ubavuni pake, katika dawati lililochongwa kwa ajili ya watoto, aliketi mkewe, ambaye hata leo humwita Bibi Harusi. Mama huyo alisema amekuja kumsindikiza tu. Alama zake zilisema mengine.

Adui alijitokeza siku ya Jumatatu, ubaoni. Mwalimu, binti wa rika la wajukuu zao, mwenye mwandiko ulionyooka kama gwaride, aliandika: "Uchaguzi unakaribia. Chagua Chama cha Birika au Chama cha Ngazi, ueleze kwa nini ungependa kishinde. Kila mmoja atasoma insha yake mbele ya darasa siku ya Alhamisi."

Kisha akapangusa mikono. "Na hii ni lazima, jamani. Asiyesoma, jina lake silipeleki kwenye mtihani wa cheti."

Simba wa Soli alihisi jasho likimteremka nyuma ya tai. Si kwamba hakuwa na chama. Alikuwa nacho, tena alikipenda kupita kiasi. Wala hakumwogopa mwalimu. Aliyemwogopa aliketi naye paja kwa paja, akichonga penseli.

Kwani yawapasa kujua habari za Mkataba. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao ulipoangukia uchaguzi, wawili hawa walitajiana vyama vyao. Lo! Ndoa changa ikanyeshewa mvua ya mawe. Bwana alikula chakula cha baridi kampeni nzima. Bibi alizungumzishwa kupitia kwa paka. Kura zilipokwisha kuhesabiwa waliketi kitandani, kila mmoja ukingoni pake, wakaapa kwamba katika nyumba ile mtu hatamuuliza mwenzake chama chake, wala hatakitaja chake. Tangu hapo serikali zimekuja na serikali zimekwenda, nao huenda kituoni wameshikana mikono, wakaachana mlangoni, wakakutana upande wa pili kama watu waliotoka msalani: hakuna kuulizana.

Sasa insha ilikuja kuuvunja ukuta huo mbele ya hadhara.

Kesho yake meza ya kulia ikawa mpaka wa mataifa. Kila upande uliukinga mkono juu ya karatasi, na katikati kopo la sukari likasimama mlinzi.

"Unachungulia," akasema Bibi Harusi.

"Nachungulia wapi? Natafuta kifutio."

"Kifutio umekishika."

Shujaa alijikaza kisabuni, akaandika: "Birika ni kitu kizuri. Ngazi nayo ni kitu kizuri." Akaisoma, akaiona ina hekima ya ajabu. Akaisoma tena, akaichana. Ndipo alipochukua karatasi nyingine, akaanza kutunga hotuba ya vita.

Alhamisi ikawadia. Muuza nyama, mtu mnene wa sauti na wa kiuno, alifungua pambano kwa kuisifu Ngazi hadi madirisha yakatikisika. Akafuata mama mshona nguo, akaitetea Birika kwa sauti ndogo.

"Kumbe ni wewe!" akaunguruma muuza nyama. "Basi kesho nyama ukainunue kwenye birika lako!"

Darasa likaangua kicheko. Mshona nguo hakucheka.

"Tulieni!" mwalimu akagonga meza kwa kifutio cha ubao. "Babu, zamu yako."

Akainuka Simba wa Soli. Lakini magoti yake yalikuwa yamebanwa na dawati, hivyo dawati nalo likainuka, na vitabu vya Bibi Harusi vikamwagika sakafuni kama jeshi lililokimbia. Akiwa ameinama, amebeba mbao kiunoni mithili ya kobe, alinguruma:

"Mwalimu! Mimi niliyeshona viatu vya mahakimu na viatu vya wezi, wala nisiwaulize wanakwenda wapi, nasimama hapa kukataa! Nipime hesabu, nipime sarufi, nitoe jasho na nitoe damu. Lakini kura yangu, hata mto ninaoulalia sijauambia!"

"Mzee, shusha dawati kwanza," akasema muuza nyama.

"Dawati litashuka haki itakapopanda!"

Mwalimu hakucheka. Alikuja akalishika dawati upande mmoja, wakalishusha pamoja.

"Babu, mimi sina haja na siri yako. Lakini kila siku mnapigiwa kelele na spika za kampeni, mnarudi nyumbani na kofia za bure. Nikiiacha siasa nje ya darasa hili, mtajifunzia wapi kuuliza, 'Hoja iko wapi?' Kwenye spika?"

Hapo shujaa akababaika. Alikuwa amejiandaa kupambana na udhalimu. Kupambana na maneno ya maana hakujiandaa. Aligeuza ukurasa wa pili wa hotuba, akakuta umeanza: "Na zaidi ya hayo, ewe dhalimu!" Akaukunja taratibu.

"Hapo... hapo umesema kweli, mwalimu. Siasa ilete. Tufundishe kuzipekua hoja mifuko yote. Ila usitupekue sisi. Mtazame huyu mama wa cherehani. Amefanya kazi uliyompa, na kesho hajui atapita vipi mbele ya bucha."

Muuza nyama akakuna kichwa. "Mimi nilikuwa natania tu, dada."

"Hukuwa unatania," akajibu mshona nguo.

"Sasa mnataka nifanye nini?" mwalimu akauliza.

Fundi Viatu akazipekua kurasa za hotuba yake. Katika matayarisho yake yote alikuwa amepanga namna ya kukataa. La kuomba hakulipanga hata kidogo.

Ndipo Bibi Harusi, akiwa bado ameinama anaokota vitabu, akasema, "Mwanangu, tugawie pande wewe. Tia vikaratasi kwenye kofia. Atakayeangukiwa na Ngazi aitetee Ngazi, wa Birika aitetee Birika, apende asipende. Wewe usahihishe hoja. Ya moyoni tuachie wenyewe."

Mwalimu aligeukia swali lake ubaoni. Kisha akaufuta ubao wote. "Alhamisi ijayo tunaanza upya. Nani ana kofia?"

Muuza nyama akavua yake.

Bibi Harusi aliangukiwa na Birika, mumewe na Ngazi. Kama mume alifurahi au alilia moyoni, msimulizi hatasema. Mkataba unamfunga naye. Siku ilipofika aliitetea Ngazi hata muuza nyama akasimama kumpigia makofi. Mkewe aliitetea Birika, akampita alama, na Simba wa Soli akalalamika kwamba ngazi aliyopewa ilikuwa na mwinuko mkali. Majina yote mawili yakaenda kwenye mtihani.

Wakirudi nyumbani, mkewe akapunguza mwendo.

"Mume wangu."

"Naam, Bibi Harusi."

"Ulivyoitetea ile Ngazi, niliingiwa na wasiwasi."

"Wasiwasi gani?"

"Nilidhani unaiamini."

Ee saa ya majaribu! Jibu lilikuwa neno moja, nalo lilimpanda kooni likigonga meno kutaka kutoka, huyu ambaye maishani mwake hajaacha sentensi ya mtu ipite bila kuiongezea mkia. Akavuta pumzi. Akalimeza.

"Angalia mguu," akasema. "Hapa pana shimo."

Bibi Harusi akacheka peke yake, akamshika mkono, wakavuka.

Andikeni basi, enyi waandishi wa historia, na mtafute wino! Miji iliyotekwa imekwisha kupata vitabu vyake, na wafalme waliopinduliwa vyao. Lakini jioni ile, kando ya shimo ambalo hakuna chama kilichowahi kuliziba, Fundi Viatu alikuwa na la kusema, akanyamaza. Shahidi ni mkewe, naye mpaka leo haamini.