Maswali Kumi na Moja na Kiatu cha Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Barua kutoka shuleni. Binti yangu kaileta imekunjwa mara nne, ina doa la wino. Jumamosi wazazi wote tukutane na Mwalimu Mkuu. Atatueleza habari za kukarabati jengo la zamani, tutauliza maswali, kisha tutachagua mzazi mmoja wa kuingia kamati ya ukarabati. Mmoja! Nani kama mimi? Kibanda changu cha kushona viatu kinatazamana na geti la shule. Miaka tisa naliona jengo lile kila nikiinua nyundo. Nimekimbia kwenda kujiandikisha, niwe muulizaji wa kwanza.

Tatizo ni Kinyozi, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Naye anaitaka nafasi. Anafanya kampeni kichwa baada ya kichwa, na mteja mwenye wembe shingoni habishi.

Mimi nitashinda kwa maswali. Nimeandika kumi. Makali! Nitafungua kwa methali ya asiyeziba ufa, halafu ninyamaze kidogo, watu wapige makofi. Mke wangu alisikiliza yote kumi huku akikunja nguo. Akasema yeye angeuliza moja tu: wakati wa ujenzi watoto watasomea wapi? Nikamwambia, mama, hilo ni swali dogo. Maswali madogo hayamchagulishi mtu.

Jumanne, 4 Machi

Upelelezi. Mwalimu wa hesabu aliniletea viatu nivitie soli. Vyote tayari, lakini nimempelekea cha kulia tu. Cha kushoto nimekibakiza makusudi, nipate sababu ya kurudi. Akauliza atavaaje kimoja. Nikasema gundi ya kile kingine haijakauka. Akili hizi hazifundishwi darasani.

Nikapitia darasa la sita, darasa la binti yangu. Tupu, wako uwanjani. Ukuta wa nyuma una ufa toka dirishani mpaka sakafuni. Na juu ya ufa, jamani! Kipande cha kioo chembamba, urefu wa kidole, kimegandishwa kwa plasta huku na huku. Tarehe imeandikwa pembeni kwa penseli. Wameziba ufa kwa kioo! Watu wazima, wenye vyeti! Mimi hata ndala sizibi hivyo.

Swali la kumi na moja limepatikana. Sasa ndilo la kwanza.

Jumatano, 5 Machi

Swali bila ushahidi ni umbea. Nimerudi, kiatu cha kushoto mkono mmoja, kisu cha ngozi mkono wa pili. Darasa tupu tena. Nikaweka kiatu chini, nikaanza kuchokonoa plasta polepole. Ka! Kioo kikakatika katikati. Nusu ukutani, nusu mkononi. Nje, hatua za mtu. Nikatumbukiza nusu yangu kwenye mfuko wa aproni, nikatokea mlango wa nyuma, nikasimama natazama mawingu kama mkulima. Hakuna aliyeniona. Kazi safi.

Saa kumi jioni ndipo nikakumbuka kiatu.

Alhamisi, 6 Machi

Kengele saa mbili unusu, wala si ya mapumziko. Jengo zima la zamani limetolewa watoto. Madawati vichwani, kamba imezungushwa, hakuna kuingia. Kinyozi kamwacha mteja kanyolewa nusu, kaja kutazama.

Binti yangu alirudi mapema, macho mekundu. Akanieleza. Kile kioo si kiraka. Ni kipimo. Mhandisi alikibandika wiki tatu zilizopita ajue kama ukuta unasogea. Ukisogea hata unywele, kioo hukatika. Kikikatika, hakuna ukarabati: jengo linafungwa, na darasa la sita wanapelekwa shule ya ng'ambo ya mto, mwendo wa saa nzima kwenda tu. Leo asubuhi kimekutwa kimekatika. Hata watoto wa darasa la kwanza, baba, wanajua kioo kile hakiguswi.

Nikauliza kama wameokota kitu kingine. Akauliza kitu gani. Nikasema, aa, vumbi.

Sikula.

Ijumaa, 7 Machi

Mhandisi kashinda ukutani na kamba zake. Uamuzi kesho, mkutanoni. Binti yangu kapanga madaftari kwenye mfuko, kisha kamwandikia barua ya kwaheri rafiki yake wa darasa la tano, anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kila mstari alivuta pumzi, na kila pumzi niliisikia.

Kusema au kutosema? Nikisema, kiti cha kamati kwaheri, na jina nalo. Nisiposema, mtoto atavuka mto kila siku, masika yanakuja. Nikatafuta njia ya katikati. Barua isiyo na jina, kwa mkono wa kushoto: Kioo kimevunjwa na paka. Nimemwona. Ukuta ni mzima. Nikaipenyeza chini ya mlango wa ofisi. Kugeuka, mwalimu wa hesabu huyo, kavaa ndala. Akauliza habari za cha kushoto. Nikasema gundi. Akauliza ni gundi gani hiyo, au naichemsha upya kila asubuhi?

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi umejaa mpaka milangoni. Mhandisi mbele, karatasi ya kufunga jengo mezani, kalamu juu yake. Mwalimu Mkuu akasema aanze mzazi aliyejiandikisha wa kwanza. Mimi!

Nikasimama. Methali ikanikimbia. Maswali kumi na moja, yote yakawa kama yameandikwa na adui yangu. Kinyozi akacheka kwa pua. Nikauliza: je, Mwalimu, tuseme kioo kimevunjika kwa sababu isiyohusu ukuta? Akaniuliza kwa upole, kama paka? Akaisoma barua kwa sauti. Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akanitazama tu, akangoja. Mhandisi akachukua kalamu.

Dirishani nikamwona binti yangu, mfuko uko begani tayari.

Mkono ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa aproni. Nikaweka nusu ya kioo mezani. Nikasema ni mimi, na kisu changu. Ukuta hauna kosa.

Mwalimu Mkuu akainama, akatoa kiatu cha kushoto chini ya meza, akakiweka kando ya kioo. Akasema kiatu kilimnong'oneza tangu Alhamisi, lakini mhandisi alikataa ushahidi wa kiatu. Alitaka mtu aseme kwa kinywa chake, la sivyo anafunga. Mhandisi akaikunja ile karatasi. Kioo kipya, wiki tatu upya, kisipokatika ukarabati uanze. Hakuna mtoto wa kuvuka mto. Mwalimu wa hesabu akapita mbele, akavua ndala, akavaa kiatu chake pale pale.

Ndipo mke wangu akainua mkono. Hizo wiki tatu, na miezi ya ujenzi, watoto watasomea wapi? Mhandisi akamtazama Mwalimu Mkuu, Mwalimu Mkuu akamtazama mhandisi. Wazazi wakamchagua mke wangu kwa kunyoosha mikono. Kinyozi alinyoosha miwili, anikomoe.

Jumatatu, 10 Machi

Kinyozi ananiita Fundi Ufa. Wateja wake nao. Mke wangu kanionya, kama mjumbe wa kamati na si kama mke, nisionekane karibu na ukuta ule. Binti yangu kanisamehe, ila asubuhi kaikagua aproni yangu mfuko kwa mfuko.

Kioo kipya kimebandikwa. Nimekiona kwa mbali, kupitia dirishani. Sipendi kusema watu, lakini kimekaa upande. Kitapima nini kikiwa upande? Mtu akikinyoosha kidogo tu, taratibu, kwa kisu chembamba kuliko kile, si watamshukuru?

Mhandisi kaniletea mabuti yake, soli zimeachia. Nimeyamaliza yote mawili kabla ya saa sita.

Nimempelekea la kulia.