Mashine Iliyohitaji Kuzoea Baridi

Jumapili hiyo mhubiri wa Gatitu alieleza kwa kirefu kwamba binadamu alitoka mavumbini na mavumbini atarudi. Waumini walitikisa vichwa kwa huzuni. Moffat Wamae, aliyeketi karibu na mlango, mahali wapendapo kuketi wageni wenye shughuli, alitikisa kichwa pia. Ila yeye alikuwa ameona kwamba kati ya mavumbi ya kwanza na mavumbi ya mwisho kuna biashara nzuri sana.

Ulikuwa mwaka ule kahawa ilipopanda bei, hata watu waliozoea kuipalilia kwa matusi wakaanza kuitaja katika maombi. Kutoka Murang'a hadi Karatina, pesa ziliingia nyumbani kabla ya akili kupata nafasi ya kufungua mlango. Watu walinunua makochi wakayaacha ndani ya plastiki yake, ili wageni wajue kwamba ni mapya na wateleze. Walinunua saa za ukutani zinazoimba. Na sasa, baraka ya juu kabisa, walikuwa wakinunua mazulia.

Nje ya kanisa, mjane mmoja aitwaye Magdaline Watiri alimweleza kila aliyemsalimu, bila kuulizwa, kwamba zulia lake limeletwa jana kutoka Nairobi, kwamba ni jekundu, na kwamba atakayelikanyaga na viatu atajibu mbele za Mungu. Wamae alifunga Biblia yake kwa heshima. Mtu aliyenunua zulia, alipenda kusema, amenunua na wasiwasi wa kulisafisha, na wasiwasi ndio shamba langu.

Wamae aliwahi kuuza dawa ya panya ambayo panya waliinenepea. Aliwahi kuuza bima ya mbuzi. Siku hizi alikuwa mtu wa maendeleo: aliuza mashine za kufyonza vumbi. Kwa kweli alikuwa na mashine moja tu iliyo hai, aliyoinunua kwa mzungu wa Mweiga aliyekuwa akiuza vyombo vyake ili arudi kwao. Nyingine zote zilikuwa maiti. Alizipata katika yadi ya vyuma vikuukuu Nairobi, akazipaka rangi, akazitia ndani ya maboksi na kuyafunga kwa gundi kama mambo ya serikali. Ile hai aliitumia kuwaonyesha watu. Maiti aliwauzia. Kwa hiyo sheria yake ilikuwa moja tu, na aliishika kuliko alivyozishika zile kumi: mashine hai hailali kwa mtu. Siku itakapomtoka, hana kazi tena, na itambidi aende karibu na Kenol kuvuna mananasi kwa shemeji yake, mtu aliyekuwa akimngoja kwa furaha isiyo ya Kikristo.

Jumatatu asubuhi akapiga hodi kwa Magdaline, ndani ya suti ya kijivu, mashine mkononi.

"Karibu," alisema Magdaline. "Toa viatu."

Wamae akavua viatu na kulitazama zulia kama daktari anayetazama mgonjwa asiyejua.

"Mama, mimi sikuuzii kitu. Mimi ni mshauri tu. Watu wananunua hii mashine vile wananunua punda, wanaangalia rangi. Kuchagua ni kazi. Hebu nikuulize, chini ya zulia ni mbao ama ni simiti?"

"Ni simiti."

"Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Simiti inazaa vumbi, mama. Usiku mkilala. Unakohoa?"

"Sikohoi."

"Unakohoa, ni vile hujisikii."

Akafungua kitabu cha picha. Kulikuwa na mashine ya kusimama wima kama fagio, ambayo ilifaa wanawake wasioumwa na mgongo. Kulikuwa na ndogo ya mkononi, ya watu wenye gari, wanaotaka kufyonza viti vya gari jirani wakiona. Na kulikuwa na hii aliyokuja nayo, ya kulala chini, yenye magurudumu na mpira mrefu kama mkonga wa ndovu.

"Hii inakufuata nyuma kama mbwa," alisema Wamae. "Na ndiyo inanguruma zaidi. Mashine isiyonguruma haina nguvu."

"Kama mhubiri," alisema Magdaline.

"Wewe ndiye umesema, mama, si mimi."

Lakini Magdaline hakuwa mtu wa kununua kitu kwa sababu ya sauti. Aliinama, akaigeuza juu chini, akavuta waya wake hadi mwisho.

"Huu waya utafika chumba cha kulala?"

"Utafika na kurudi."

"Na mfuko wa vumbi ni wa karatasi ama kitambaa? Ya karatasi nitatoa wapi ikiisha?"

"Ni kitambaa, unafua."

"Na ikiharibika ni nani anatengeneza?"

"Haiharibiki."

"Mimi nimezika bwana aliyekuwa anasema hivyo."

Wamae aliona kwamba maneno yameanza kwenda upande usiofaa, akachomeka waya kwenye stima. Mashine ikanguruma. Paka wa Magdaline akatoka kwa dirisha na hakuonekana hadi jioni. Wamae akaupitisha mkonga huo juu ya zulia, mbele na nyuma, kwa uso wa mtu anayefanya ibada. Halafu akazima, akatandika gazeti, akafungua mfuko.

Hapa ndipo penye ufundi wake wote. Kabla ya kuingia nyumba yoyote, Wamae aliujaza mfuko huo uchafu nyuma ya kibanda fulani cha kusagia mahindi, posho mill. Wanaume wengi huuza kitu kwa kusifu. Yeye aliuza kwa aibu, bidhaa ambayo haiozi na ambayo kila nyumba inayo ya kutosha.

Kwenye gazeti pakamwagika udongo, makapi ya mahindi, na nyoya moja la kuku.

"Bwana Yesu," alisema Magdaline.

"Mimi sisemi kitu," alisema Wamae kwa upole. "Hata nyumba za wachungaji ziko hivi. Mimi sitangazi."

Maneno hayo mawili, "mimi sitangazi", yalikuwa yameuza maboksi mengi kuliko kitabu cha picha. Wanawake wenye heshima, wenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono juu ya kila kiti, waliyasikia wakaenda mbio kutafuta pesa.

Magdaline hakwenda mbio. Aliliangalia lile nyoya. Zulia lilikuwa na siku mbili ndani ya nyumba. Yeye hakufuga kuku, aliwachukia kuku, na jambo hilo lilijulikana hata kwa kuku wenyewe. Kisha akamletea Wamae chai.

"Kunywa, mwanangu. Kwa hivyo unaniachia hii?"

"Hapana! Hii ni ya maonyesho tu, imechoka. Yako ni mpya, iko kwa boksi kwa gari. Lakini iko na masharti, mama. Usiiwashe mpaka iishe wiki nzima. Lazima izoee baridi."

"Si imetoka Ulaya? Ulaya hakuna baridi?"

"Iko, lakini si ya mlima wa Kirinyaga. Hii yetu inashuka moja kwa moja kutoka kwa barafu. Ukiiwasha kabla haijazoea, moyo wake unasimama."

Magdaline aliitikia polepole. Dada yake Kabura, wa Karatina, alikuwa na boksi la namna hiyo chumbani. Huu ulikuwa mwezi wa pili likizoea baridi. Kabura alikuwa amelifunika hata na blanketi.

"Sikiza," alisema Magdaline. "Mimi siwezi kuchagua kitu kubwa hivi peke yangu. Kuja Jumamosi. Wanawake wa kanisa wote watakuwa hapa, na karibu kila mmoja ako na zulia. Wakisikia ikinguruma, utashindwa na kazi. Lakini uje na hii ya kunguruma, wasione boksi peke yake. Na uje na suti."

Wamae alirudi garini akiimba tenzi. Hakuuliza wanawake hao wanakusanyika kwa sababu gani. Mtu mwenye njaa haulizi karamu ni ya nani.

Jumamosi wanawake walipanda kilima cha Gatitu wakiimba, sufuria vichwani, blanketi mabegani, vyondo vya unga migongoni. Ilikuwa siku ya matega ya Wachuka, binti ya Magdaline, aliyekuwa akiolewa na Njue wa Embu; na siku ya matega kila mgeni humletea bibi arusi chombo cha kuanzia nyumba, kikapokelewa hadharani na kupigiwa vigelegele, ngemi kama wasemavyo wenyewe. Kikishapigiwa ngemi, kitu hicho hakina njia ya kurudi. Hakuna aliyewahi kujaribu. Ni kama kumwomba Mungu akurudishie sadaka.

Wamae alipofika langoni na mashine yake, aliziona sufuria, akafikiri: hawa watu wanapika kweli. Wanawake wawili wenye misuli ya kuchuma kahawa wakampokea mzigo.

"Lete, baba, tukusaidie."

"Nitabeba mwenyewe, mama."

"Mgeni habebi!"

Kabla hajamaliza kukataa, mashine ilikuwa juu ya meza, kati ya birika na karai, mbele ya wazee wa ukoo, mchungaji, na naibu wa chifu, mtu mmoja mnene aitwaye Ngatia, ambaye kofia yake ilikuwa mgeni rasmi zaidi yake. Magdaline akasimama, akainua mikono.

"Akina mama! Mnaona huyu kijana? Si mtu wetu. Hatujazaa naye, hatujachanja kuni naye. Jumatatu alikuja kwangu akaona nyumba, akasikia Wachuka anaolewa, moyo wake ukaguswa. Leo amemletea mashine ya kufyonza vumbi! Ya stima!"

"Ati nini?" alisema Wamae, lakini sauti yake ilizama. Vigelegele vilipanda hadi ndege wakahama miti. Bibi arusi alilia. Mchungaji alisema "Amina" kwa niaba yake na kwa niaba ya wengine.

Wamae akapenya hadi kwa Magdaline, akacheka kicheko kikavu. "Mama, hii ni ya maonyesho."

"Na imeonekana," alisema Magdaline. Kisha akamwinamia sikioni kama mama anayembariki mwanawe. "Yule amekaa karibu na Ngatia ni dada yangu Kabura, wa Karatina. Yake bado inazoea baridi. Nimwite mzungumze? Ama tuanze na nyoya la kuku?"

Wamae alimtazama Kabura. Alimtazama Ngatia na kofia yake. Lakini mjanja ni mjanja, na akili yake, ambayo haijawahi kumwangusha isipokuwa alipoitegemea, ikampa njia. Akapanda kwenye benchi.

"Ndugu zangu! Nimeona haya. Hii mashine ni nzee, imezunguka. Bibi arusi apewe kitu nzee kweli? Kwa gari niko na mpya, kwa boksi, haijafunguliwa. Ngoja nibadilishe!"

Akakimbia garini, akarudi amekumbatia boksi lenye maiti. Alipolitua tu mezani na kunyoosha mkono kuchukua ile hai, Magdaline alikuwa ameshapaza sauti.

"Akina mama! Ameongeza ya pili!"

Ngemi zikapanda tena, kali kuliko za kwanza, kwa maana ukarimu wa namna hii haukuwa umeonekana Gatitu tangu uhuru.

"Si kuongeza! Ni kubadilisha!" alipiga kelele Wamae, na wanawake waliokuwa karibu wakamshika mikono wakacheza naye.

Ngatia akasimama kuchungulia boksi. "Hii nayo tuiwashe, tuone?"

"Hapana, mzee," alisema Magdaline haraka. "Hii lazima ipumzike wiki moja. Mwenyewe alinifundisha. Tutatumia hii nyingine, hiyo imeshazoea. Na kwa vile kwa kina Njue stima haijafika, nitawawekea hapa kwangu, kwa zulia, mpaka ifike."

Kabura, dada yake, akauliza kama ataruhusiwa kuazima.

"Jumatano," alisema Magdaline. "Ulete mfuko ukiwa umefuliwa."

Hivyo ndivyo Magdaline Watiri alivyochagua mashine ya nyumba yake: baada ya kupima urefu wa waya, kitambaa cha mfuko na nguvu ya mngurumo, akachukua ile iliyofanya kazi. Wataalamu hawajawahi kupata njia bora.

Wamae alilishwa irio na nyama ya mbuzi, kwa sababu mfadhili haachwi aondoke na njaa. Mchungaji alimwombea safari njema na biashara yenye mafanikio. Alikula kidogo, kama mtu aliye kwenye matanga yake mwenyewe. Alipoinuka kuaga, mama mmoja mzee akamfuata kwa heshima hadi kwenye ua. Alikuwa Mbeti, mama yake Njue, aliyetoka Embu alfajiri.

"Mwanangu, Mungu akubariki kwa kumpa bibi ya kijana wangu. Lakini kule kwetu hakuna stima, na mimi pia nimenunua zulia. Hakuna ya kutumia mafuta ya taa?"

Wamae alihisi damu ikirudi mwilini. Mgongo ulinyooka, tai ikajipanga yenyewe. Kule mbali, ng'ambo ya Mwea, aliona nyumba nyingi zenye mazulia na zisizo na stima, zinazong'aa kama nchi ya ahadi.

"Ya mafuta ya taa?" alisema, na ile sauti ya mshauri ikaja. "Mama, umeniuliza wakati mzuri. Iko, na tena hiyo..."

"Akina mama!" Magdaline alikuwa mlangoni, mkono mmoja juu, na nyuma yake wanawake wote wamevuta pumzi. "Mgeni wetu anasema iko ya tatu! Ya mafuta ya taa! Ya mama yake Njue!"

Wamae hakungoja vigelegele. Alikimbia na suti yake ya kijivu kuteremka kilima cha Gatitu, gari akalisahau palepale langoni, na wanawake wakamfuata kwa macho wakisifu jinsi alivyokuwa na haraka ya kwenda kuileta.