Chui wa Kara-Bulung

Jekshen alisimama Kara-Bulung, mji mdogo wa Wakirgizi, kunywa chai tu, akamsikia meya Toktosun akilalamika kwamba mji wa jirani umejipatia nembo yenye tai, na wao hata kunguru hawana. Jekshen akaweka bakuli chini. Riziki ikibisha hodi, mstaarabu hufungua mlango.

"Mheshimiwa, tai ni wa kila mtu," alisema, huku akianza kuchora nembo kwenye karatasi. "Nyie ni watu wa chui wa theluji. Mwasisi wenu Boribai alipigana naye kwa mikono mitupu pale mtoni. Ndiyo maana chini tunaweka wimbi la buluu. Na hili doa jekundu ni damu."

"Ya chui?"

"Sasa ya nani tena?"

Chui mwenyewe alimnakili kutoka kwenye boksi la biskuti, akamwongezea masharubu kwa heshima. Ujira wake ulikuwa farasi jike wa meya, mnene kama gunia la unga, na mnunuzi alikuwa anamngoja mji mkuu, Bishkek. Meya akamkabidhi hatamu mbele ya umati.

Jekshen angeondoka hapo hapo, kama si Bibi Burulcha, mkongwe wa ukoo wa Boribai.

"Mwanangu, nina miaka themanini na tatu na chui huyo sijawahi kumsikia. Wewe umeambiwa na nani?"

Ulimi wa tapeli hauna breki. "Bibi, Boribai alikuwa na kaka. Mimi ni damu ya huyo kaka." Akataja mababu zake saba, mmoja baada ya mwingine, kama kila Mkirgizi mwenye adabu anavyopaswa. Watano aliwabuni papo hapo.

Bibi Burulcha akamkumbatia huku analia. "Jamani, ndugu yetu amerudi! Na ndugu aliyepotea akirudi, huchinjia ukoo. Ana mnyama gani?"

"Si ndiye huyo farasi aliyemshika!" alisema meya, haraka mno. Kwa Wakirgizi, nyama ya farasi ndiyo nyama ya karamu.

Jekshen alitazama umati. Kukataa kulikuwa ni kuwakana mababu saba mbele ya watu ambao tayari walikuwa wananoa visu. Akainua viganja, akaomba dua ya kuchinja, na moyo ukamuuma kwelikweli.

Jioni alikalishwa mahali pa heshima, akapewa pande la nyonga la farasi yule. Bibi Burulcha akamsogelea sikioni.

"Boribai alizaliwa peke yake, kaka hakuwa naye," alinong'ona. "Ila chui wako ni mzuri, tutamweka. Kula, mwanangu, isije ikapoa."