Nilivyopanua Pembe ya Kiwanja Buswelu

Leo nimepigwa, na tapeli ni mimi mwenyewe.

Kisa ni kiwanja. Mimi na mke wangu, Mama Kulwa, tumepanga huku Ilemela, mlimani kati ya mawe, tangu mapacha wetu hawajazaliwa. Ramani ya nyumba tunayo: mita tisa kwa nane. (Nimeihakiki kwa rula mara mbili. Mimi kila kitu napima mara mbili, ndiyo maana leo inauma.) Kilichokosekana ni mahali pa kuiweka hiyo nyumba.

Asubuhi tukaenda Buswelu kwa Mzee Masanja, mfugaji mwenye eneo lake kando ya barabara. Mzee anauza kwa pande. Anasimama kwenye jiwe la kona, anakupimia mita ishirini kufuata barabara. Anarudi kwenye jiwe lilelile, anakupimia mita ishirini nyingine kuingia ndani. Ncha mbili mnaziunganisha kwa kamba. Hiyo ndiyo pembetatu yako. Unalipia zile pande mbili. Upande wa kamba hauhesabiwi.

Mtu wa biashara akisikia kitu hakihesabiwi, masikio yanasimama.

Nikatoa kipimapembe. (Nilikichomoa kwenye mkebe wa hisabati wa Kulwa. Shuleni leo atajieleza mwenyewe.) Nikakilaza juu ya jiwe. Nyuzi sitini kamili. Nikakumbuka mwalimu wetu wa kidato cha tatu akituimbisha: eneo la pembetatu ni nusu, mara upande, mara upande, mara sini ya pembe iliyo katikati. Wimbo niliukumbuka wote. Sini inafanya nini humo ndani, hapana. Lakini nikajiambia: pande hazibadiliki, bei haibadiliki, cha kuchezea ni pembe tu. Nikiipanua mara mbili, kiwanja kinakuwa viwili. Bure!

Moyoni nikawa nimeshajenga na banda la kuku.

"Mzee," nikasema kwa sauti ya mtu asiyetaka kitu, "huu upande wa ndani tukiusogeza kidogo kule? Mita ni zilezile. Tunafungua pembe tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka nyuzi mia na ishirini."

Mama Kulwa akanivuta shati. "Baba Kulwa, si hapa hapa palitutosha?"

"Tulia, mama. Hapa tunaongeza."

Mzee akakuna kidevu. Akaangalia kule, akaangalia ng'ombe wake. "Kule ndiko wanakopita kwenda lamboni kunywa. Nikikupa, nawe uwape njia. Mita mbili, kandokando ya kamba, ndani kwako."

"Siku zote?"

"Kwani wewe unakunywa maji siku moja?"

Nikajifanya nimeumia. Nikanuna, nikaenda hadi barabarani kama naondoka, nikarudi taratibu. (Lazima ununue kwa manung'uniko. Muuzaji akikuona umefurahi, umekwisha.) Nikakubali. Tukapeana mikono mbele ya jirani yake, mama mmoja anaitwa Kabula, aliyekuwa anaanika mihogo. Shahidi huyo.

Kamba ikahamishwa. Mwanzoni ilikuwa mita ishirini. Sasa ikapita thelathini na nne! Nikaipima mara mbili. Nikatembea mbele yake kama mkaguzi wa gwaride.

Mama Kulwa yeye alitembea kwa njia nyingine, kutoka kwenye jiwe kwenda kwenye kamba. Akafika mapema mno.

"Mbona pamekuwa pembamba? Chumba cha watoto kinatokea nje."

"Ni macho yako."

"Ni miguu yangu."

Basi nikatangaza: "Njooni wote muone hesabu!" (Hakuna aliyeniomba.) Mzee akaja, Kabula akaja na mikono yenye unga wa mihogo. Nikafungua kikokotoo cha simu.

"Kabla ya kupanua," nikasoma kwa sauti, "mita za mraba mia moja sabini na tatu nukta mbili. Na sasa..." Nikaandika mia na ishirini penye sitini. Nikabonyeza.

Mia moja sabini na tatu nukta mbili.

"Simu imeganda," nikasema.

Nikafuta, nikaandika upya. Ileile. Nikaizima, nikaiwasha. (Kusubiri simu iwake huku watu watatu wanakutazama usoni, sikutakii.) Ileile. Nikaazima ya Kabula. Hata ya Kabula, yenye kioo kilichopasuka, ikasema ileile bila aibu.

"Maana yake nini?" akauliza Mzee Masanja.

Hapo ndipo wimbo wa kidato cha tatu ulipoeleweka, umechelewa miaka mingi. Sini ya sitini na sini ya mia na ishirini ni sawa. Pembe ukiipanua, eneo linakua mpaka nyuzi tisini, halafu linaanza kurudi nyuma. Ule urefu wa kamba nilioushangilia, kiwanja kiliulipia kwa kina chake.

"Maana yake... hakijaongezeka."

"Na ng'ombe?"

"Wanapita."

Kabula akakaa chini kabisa ili acheke vizuri. Mzee hakucheka. Afadhali angecheka. Alinyoosha kidole kuelekea zizini.

"Unaliona lile dume? Pembe zimepanuka mpaka linaingia zizini kiubavu. Nyama ni ileile."

Nikaomba turudishe kamba ilipokuwa.

"Pembe narudisha. Njia hairudi, tumeshapeana mikono."

Nikafungua mdomo nianze kubembeleza. Mama Kulwa akaniwahi. Akampigia Mzee goti kidogo. "Baba, kwa kuwa njia yako umebaki nayo, basi tunyooshee kona hapa kwenye jiwe, iwe kama kona ya chumba. Kitanda kikae vizuri."

"Chukua, mwanangu."

Hivyo tu! Bila kununa. Bila kwenda hadi barabarani.

Nikabonyeza kimyakimya: nyuzi tisini, mita za mraba mia mbili kamili. Kwa zile pande mbili, hakuna pembe inayotoa zaidi ya hapo. (Nilirudia.)

Tukachora nyumba kwenye vumbi kwa fimbo. Ikaingia yote, hata chumba cha watoto. Kasoro moja: kona ya chumba chetu na kamba zimeachana mita mbili na kidogo. Njia ya ng'ombe inapita chini ya dirisha.

"Mama Kulwa, watakuwa wanatuchungulia usingizini."

"Watakuchungulia wewe," akasema. "Upande wa dirisha ni wako."

Chekeni leo mmalize, jamani. Siku ya kuhamia nitahitaji watu wa kubeba kitanda, na mmoja wa kuwazuia ng'ombe.