Vifaru kwa Mwendo wa Themanini

Jumatatu, 3 Juni. Siku ya Mashahidi wa Uganda.

Sikukuu. Sijafungua duka la ushonaji. Nimekula kwa dada yangu mkubwa Emérence huko Mengo, anakokaa na Papa. Sijanawa mikono, keshaanza: yeye bingwa akae, mimi Arsène nichote maji. Miaka kumi na sita, wimbo uleule.

Maelezo kwa vizazi vijavyo. Kule kwetu Butembo, Kongo, tulikuwa na mashine ya michezo ya kuchomeka kwenye televisheni. Vifaru viwili vya kivita, vichochoro vya matofali, wa kwanza kupiga kumi ndiye mshindi. Papa alikuwa mwalimu, chaki haikumwishia. Kila Mwaka Mpya aliandika jina la bingwa nyuma ya mlango wa jikoni. Tulipokimbia vita, mashine ilibaki, mlango ulibaki, na jina lililobaki ni la Emérence.

Vita ndivyo vilivyompa ubingwa wa maisha. Si haki.

Jumatano, 5 Juni.

Wahabi, fundi simu jirani yangu hapa Old Kampala, kaniwekea programu inayoifanya simu ijione ni ile mashine ya zamani. Mchezo wetu umo! Vifaru vilevile, muziki uleule. Nilitokwa na machozi. Wahabi akauliza kama ni vumbi. Nikasema ni vumbi.

Kisha nikacheza. Simu ikanishinda kumi kwa moja. Kucheza juu ya kioo ni sawa na kutunga uzi ukiwa na glavu. Wahabi akaniazima padi mbili za kuchezea na waya wa televisheni. Kumi kwa mbili. Kumbe kioo nilikisingizia.

Ijumaa, 7 Juni.

Mazoezi makali. Nimeshona suruali ya mteja mguu mmoja ndani nje.

Halafu ufumbuzi. Programu ina sehemu ya kurekebisha mwendo. Mia ndio mwendo halali. Nimeweka themanini. Vifaru vinatembea kama maharusi, nami naishinda simu kumi kwa nne. Silaha ya Emérence ni vidole vyepesi. Kwa themanini, wepesi utamponza: atabonyeza mapema kila mara. Nimemwandikia aandae mlango wa jikoni kwake, Jumapili baada ya ibada. Amejibu kwamba ataandaa na leso ya kunifutia machozi.

Jumapili, 9 Juni.

Emérence alilalamika kwamba muziki unaburuta kama wa msibani. Nikamwambia televisheni yake ni nzito. Papa akasema afadhali, hatimaye muziki wenye adabu.

Kumi kwa nane. Nimeshinda! Nilipiga magoti sebuleni. Nikamwomba Papa chaki.

Papa akasema kwanza na yeye ajaribu. Tangu alipougua kiharusi mwaka juzi mikono inamtetemeka, hata vifungo vya shati anafungiwa na Emérence. Nikampa padi kwa mikono miwili, kwa heshima, nikapanga kumwachia mapigo mawili matatu asijisikie vibaya.

Alinipiga kumi kwa tatu. Sikumwachia hata moja.

Kumbe miaka ile alikuwa na mchana mmoja kwa wiki bila kipindi, na sisi tukiwa darasani yeye alikuwa na vifaru. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kujiandika. Akasema mwalimu haingii kwenye orodha ya wanafunzi wake. Leo aliingia, akaandika jina lake mlangoni: BARNABÉ. Ilimchukua dakika nzima, herufi zimelala upande. Halafu akakaa anaitazama mikono yake. Akasema alidhani imeshamwaga kwaheri.

Emérence akakimbilia jikoni. Hakufuata chumvi. Mimi nilibaki na vumbi langu. Simu nimemwachia Papa afanye mazoezi.

Jumatatu, 10 Juni.

Emérence amekuja dukani. Amefungua ile sehemu ya mwendo, ameona themanini. Akanitukana kwa Kinande chetu, kwa Kifaransa, akamalizia kwa Kiswahili: mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kisha akaketi. Akasema asubuhi Papa amefunga vifungo vyote mwenyewe, kimoja tu kwenye tundu lisilo lake. Anawaambia majirani mwenda pole hajikwai. Amemwalika afande Odyek, askari mstaafu wa nyumba ya pili, aje wapambane Jumapili.

Niliuliza kama tumwambie ukweli. Emérence alisema simu ibaki Mengo, mwendo ubaki themanini, na nikifungua mdomo ataushona kwa cherehani yangu mwenyewe. Nampenda sana Papa. Na huyu mchokozi pia, tuseme ukweli. Tumekubaliana jambo kwa mara ya kwanza tangu utotoni.

Jumatano, 12 Juni.

Nimetafakari. Hila haina faida. Nimeandika hapa nisisahau.

Papa na afande Odyek watacheza saa tisa. Saa kumi ni mimi na Emérence. Papa ametangaza kwamba mshindi wetu ataandikwa mlangoni chini ya jina lake. Nafasi ya pili, lakini ni mlango.

Wahabi anasema programu hiyohiyo ina kitufe cha kuurudisha mchezo nyuma sekunde kumi, ukapigwa ukawa hujapigwa. Emérence anajua habari za mwendo tu. Nimemwomba Wahabi apitie Mengo kukagua simu, akiweke kwenye padi yangu, chini, kidole gumba kinapofika.